Honi ya Kuku wa Kizungu

Zuhura mwanangu,

Assalaam alaikum. Unanisikia hapa varandani nakohoa, nami nakusikia huko chumbani unafunga zipu ya begi na kuifungua tena, kwa hiyo una haki ya kujiuliza huyu mzee anamwandikia barua ya nini mtu aliye hatua kumi kutoka kwake. Naandika kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Nimeshindwa miaka ishirini na moja, na Jumapili nikashindwa tena, mchana kweupe, wewe ukiwa umeniuliza swali lililonyooka.

Mambo ya sweta, ya chandarua, ya kutokula chipsi kila siku, mama yako ameshayasema na kesho atayarudia stendi mbele za watu. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu.

Jumapili tulikuwa tunatoa hewa kwenye breki za gari, huyo Kuku wetu. Wewe ndani, mguu kwenye pedali, mimi chini kwenye gurudumu la nyuma na spana na chupa. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja, unajua. Wa ndani anakanyaga na kushikilia, wa chini analegeza nati hewa itoke, anakaza, ndipo wa ndani anaachia. Nikasema, "Piga." Ukapiga. "Piga. Shikilia." Ukashikilia. Ndipo ukaniuliza, mguu bado uko chini, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa: "Baba, hivi ni kweli nitakuwa kama yeye?"

Nilijua nani. Bibi yako alikuwa hasemi nawe tangu Ijumaa, tangu ulipomwambia umepata kazi ya udereva kwenye kambi ya wageni kule Idodi, ya kuwapokea watalii Iringa mjini na kuwafikisha geti la hifadhi. Alisema maneno matatu tu: "Damu ya Hamidu." Kisha akaingia chumbani kwake na kurudishia mlango.

Unakumbuka nilijibu nini? Nilisema, "Achia." Nawe ukaachia. Nati ilikuwa bado wazi, mfumo mzima ukavuta hewa, tukaanza kazi upya tangu mwanzo. Ukacheka, ukasema baba siku hizi umezeeka. Sikuzeeka, mwanangu. Niliogopa.

Hamidu ni mdogo wangu, naye ndiye baba yako aliyekuzaa. Hilo hatujakuficha, umelijua tangu ulipouliza kwa nini mtu wa kwenye picha ya sebuleni ana mwanya kama wako. Ulikuwa na miaka miwili alipofariki. Mama yako aliyekuzaa, wa Tukuyu, alimaliza eda, akarudi kwao, akaja kuolewa, nawe ukabaki mikononi mwetu na hatujawahi kukuona mtoto wa mtu mwingine. Na unachokijua juu ya kifo chake ni kile kinachojulikana na nyumba nzima na mtaa mzima wa Majengo: kwamba alikuwa anarudi kutoka Chunya na Kuku, kwamba alikimbiza gari mlimani, kwamba alikuwa mtu wa haraka tangu tumboni. Hayo ya haraka ni uongo. Mwenye uongo huo ni mimi.

Nianze na gari, maana gari ndilo rahisi kulieleza.

Tulilikuta nje ya Iringa, kwenye bani la kukaushia tumbaku, shamba ambalo mwenyewe, Mgiriki mmoja, alishaondoka zamani. Wakati huo Hamidu alikuwa dereva wa lori la viazi na mimi nina duka la vitenge hapa Soko Matola, nikiwa na suruali ya kupigwa pasi kila siku, mtu wa kidato cha nne, mtu wa Kiingereza. Tuliingia kukwepa mvua. Ndani kuna kigari kidogo cha kijani, cha wazi, viti viwili, bonneti ndefu kuliko mahali pa kukaa watu, na juu ya kiti cha dereva kuna kuku ameatamia. Mzee wa Kihehe aliyekuwa mlinzi akatuambia lile si gari, lile ni banda lake, na kama tunalitaka tumpe banda jingine. Hamidu hakungoja kusikia mara mbili. Alikaa kwa yule mzee siku mbili, akamjengea banda la mbao na bati lenye mlango wa kufuli, mimi nikatoa kitenge doti mbili kwa mkewe, tukapakia gari kwenye lori la viazi, tukaja nalo Mbeya. Mtaani wakatucheka. Gari la Uingereza lililokuwa linataga mayai likaitwa Kuku wa Kizungu, na jina likaganda.

Tulilitengeneza miaka miwili hapo nyuma ya nyumba, kwenye kibanda kilekile linamolala hadi leo. Spana zote za Mbeya zilikuwa za milimita na gari ni la inchi, basi Hamidu akanunua spana mbovu akazikata kwa tupa moja moja mpaka zikakubali. Zile unazozitumia wewe, zenye midomo iliyopinda, ndizo hizo. Zile kabureta mbili alizisikiliza kwa kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anahama huku na huku mpaka zivute pumzi ya sauti moja, ndipo anafunga skrubu. Unavyofanya wewe ukiwa umefumba macho, ndivyo alivyofanya yeye. Umeniona mimi, nami nilimwona yeye.

Lakini kusoma hakujua vizuri. Shule ilimshinda darasa la tano, akasema madawati yanamuumiza mgongo. Na kwenye dashibodi ya Kuku kulikuwa na kitabu cha gari, pembeni kimeliwa na panya, Kiingereza kitupu. Basi tukagawana bila kusemezana: gari likawa lake, kitabu kikawa changu. Mimi nilikaa juu ya debe, shati limechomekewa, nasoma kwa sauti na kutafsiri, na yeye yuko chini ya gari amelala chali, anaitikia. Ningekuonea aibu ungeniona. Nilikuwa mjuaji. Majirani wakipita, nilipandisha sauti kidogo.

Kazi ya mwisho ilikuwa breki. Nikafungua ukurasa wake. Kitabu kikasema: jaza kikopo mafuta ya haidroliki. Nikafunga kitabu, nikaenda duka la spea Mwanjelwa, nikasema nipe haidroliki. Muuzaji akanipa haidroliki.

Sasa wewe fundi, umeshajua. Huku kwetu, kuanzia Tunduma mpaka Makambako, ukisema haidroliki unapewa yale mafuta mekundu ya usukani na ya kunyanyulia matipa. Ya breki tunaita oili ya breki, basi, hakuna fundi aliyewahi kuiita vingine. Waingereza walioandika kile kitabu walikuwa na maana ya oili ya breki. Muuzaji hakukosea hata kidogo. Alinipa nilichoomba, tena akanifungia kwenye gazeti vizuri.

Hamidu alifungua kopo, akamimina kidogo kiganjani, akasugua kwa dole gumba. Akanusa. Akaniambia, "Kaka, hii siyo yenyewe. Hii nyekundu. Na inateleza vibaya."

Nikafungua kitabu, nikaweka kidole kwenye mstari, nikamwambia, "Soma hapa."

Nilimwambia soma hapa, Zuhura, mtu ambaye nilijua hasomi. Aliinama akautazama ule mstari, akautazama muda mrefu kwa adabu, kama mtu anayesalimiwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akasema, "Sawa, kaka."

Unaijua hiyo sawa, umelelewa nayo. Kwetu mdogo hambishii mkubwa mara mbili. Mara ya kwanza ni ushauri, mara ya pili ni utovu wa adabu. Hamidu alikuwa ameshaitumia ile ya kwanza. Tukatoa hewa, siku hiyo yeye chini na mimi kwenye pedali, na ni yeye aliyekuwa anasema piga, shikilia, achia. Mguu uliosukuma yale mafuta mpaka kwenye magurudumu yote manne ni huu wangu.

Mafuta yale hayaui siku ileile. Wiki ya kwanza breki zilikuwa safi, tukazunguka Sisimba na Forest watoto wanatufuata, nawe ukiwa umepakatwa, unapiga makofi. Wiki ya pili Hamidu akasema breki zinashika, pedali hairudi vizuri. Nikamwambia vitu vipya lazima vizoeane. Wiki ya tatu nilimwomba anipelekee mzigo mdogo wa vitenge kwa mteja Chunya. Lori lilikuwa gereji, basi akachukua Kuku.

Akafika salama, akashusha mzigo, akanywa chai kwa yule mteja, akaanza kurudi. Barabara ilikuwa bado ya vumbi. Alipanda mpaka kilele cha Kawetire bila shida, na alipoanza kuteremka kuja Isanga, pedali ikaenda chini mpaka sakafuni. Hili hakuna aliyeniambia, kwa sababu aliyelijua alikuwa peke yake. Nililijua baadaye. Watu walichokijua ni kile walichokisikia. Wanawake wa Kisafwa walikuwa wanatoka shamba na viazi kichwani, wanashuka kwa mstari pembeni ya barabara, wakasikia honi tangu juu kabisa, wakapanda kwenye kingo kumpisha. Akawapita. Kona iliyofuata kulikuwa na watu wengine katikati ya njia, wengi. Pale akatoka barabarani, upande wa korongo.

Mmoja wa wale wanawake alikuja msibani siku ya pili. Alikaa kwenye mkeka, akasimulia kwa kusitasita, Kiswahili chake cha mlimani: "Kijana alikuwa anapiga honi, anapiga honi, haikatiki, kama ya harusi." Hakuwa na nia mbaya. Alieleza sauti tu. Lakini ile kama ya harusi ikaruka kutoka mkeka hadi mkeka, na ilipofika kwa wanaume nje imeshakuwa kwamba Hamidu alikuwa anaringa na gari la wazi, anapigia honi wanawake njiani. Askari wa usalama barabarani akaniita pembeni, akaniuliza kama marehemu alikuwa mtu wa mwendo. Nikasema, "Alipenda mwendo, afande." Wakati huo nilikuwa sijafungua breki, nilikuwa sijui kitu. Nimejiuliza mara nyingi kama kweli nilikuwa sijui.

Baada ya arobaini walituletea gari kwenye lori, limekunjwa mbele. Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Nikatoa pampu ya breki nikaifungua juu ya benchi. Raba za ndani zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolala majini. Hazikutoka kwa vidole. Nikazivuta kwa koleo, na yale mafuta mekundu yakanishukia mpaka kwenye viwiko.

Hapo ndipo honi ikanijia. Sikuwepo kule Kawetire, lakini niliisikia kuanzia juu mpaka chini. Mtu anayeringa anapiga honi, anaacha, anapiga tena ili atazamwe. Yule mwanamke alisema haikukatika. Haikukatika kwa sababu mwenye gari alikuwa hana breki na alikuwa na njia iliyojaa watu. Mkono mmoja kwenye usukani, mkono mmoja kwenye honi, mguu kwenye pedali isiyo na kitu. Alikuwa anawaambia wapishe. Na wakapisha, wote, hadi wale wa kona ya mwisho ambao yeye ndiye aliyewapisha.

Bibi yako alikuwa ndani anavuta tasbihi. Hatua kumi, kama zako sasa. Nilinawa mikono kwa mafuta ya taa, nikaingia, nikakaa, nikala ugali.

Nimejipa sababu nyingi tangu siku hiyo. Kwamba mama amefiwa na mtoto mmoja, nikisema atakuwa amefiwa na wawili. Kwamba kusema hakumrudishi mtu. Zote zilikuwa za kunifaa mimi. Kosa la mafuta lilikuwa la ujinga, na ujinga Mungu anasamehe. La pili nilifanya nikiwa na akili zangu zote, na nimelifanya kila siku, na nimelifanya juu yako.

Maana uongo ule haukukaa kaburini na Hamidu, ulikuja kukaa na wewe. Ulipoanza kukimbia uani, bibi yako akasema polepole, usije ukawa kama baba yako. Ukimwaga chai, haraka za Hamidu. Ukimaliza mtihani mapema, haraka za Hamidu. Na mimi nilisema pia, kwa mdomo huu. Ulipokuwa darasa la sita, mwalimu wa michezo alinifuata dukani kuniuliza kwa nini umejitoa kwenye mita mia, na wewe ndiye wa kwanza shule nzima. Akasema amekuuliza, ukamjibu kwamba kwenu mbio zinaua. Nikampimia kitenge alichotaka, nikampunguzia, nikamwambia watoto wana maneno. Akaenda zake. Niliingia nyuma ya duka nikakaa juu ya marobota, nikalia. Lakini jioni nilipokuona, sikusema.

Umewahi kuniuliza kwa nini nililitengeneza gari lile tena, wakati bibi yako alitaka liuzwe chuma chakavu. Nilikuambia ni kumbukumbu. Mwanzoni haikuwa kumbukumbu. Nilikuwa nafuta ushahidi. Niliosha kila bomba kwa spiriti, nikabadilisha kila raba, mpaka hakuna fundi duniani ambaye angejua ni nini kilichopita mle. Nilipomaliza hilo nikakuta siwezi kuacha. Nikanyoosha bodi, nikakwangua kutu, nikapaka rangi, nikaikwangua, nikapaka tena. Nilikuwa nikilala chini ya Kuku nasikia mtu ananiambia kaka, hii siyo yenyewe. Hata nikishika nati sahihi nasikia. Hata leo.

Kisha ukaja wewe, una miaka kumi, na mkono mwembamba unaofika nyuma ya dashibodi ambako wangu haufiki. Uliomba tupa, nikakupa. Wiki moja tu ukawa unazijua spana zake kuliko mimi. Nilikuwa naogopa kukuona pale, na wakati huohuo hizo ndizo saa nzuri kuliko zote nilizopewa. Sina namna nyingine ya kulisema. Nakupenda, Zuhura, na kwa wanaume wa rika langu hili neno huandikwa kwa shida.

Sasa honi. Unajua inavyolia yenyewe masika, ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza na kila kitu kikilowana. Unajua bibi yako anavyosimamisha anachofanya, anasema Hamidu anapita, anasoma Fatiha. Ulipokuwa na miaka kumi na minne uliingiza kichwa chini ya usukani, ukatoka na jibu: waya umechubuka, ukilowa unagusa chuma, unafungwa utepe kidogo tu unakwisha. Nikakuambia uache. Ukadhani namhurumia bibi. Ule waya niliujua miaka mingi kabla yako. Niliuacha kwa sababu ndani ya nyumba hii hakuna aliyekuwa ananidai ukweli, nami nilihitaji walau kitu kimoja kinipigie kelele.

Sitaki kukuwekea mawaidha hapa. Nitakuambia tu ninachokijua, nacho ni kidogo. Kule Idodi utakuwa na wakubwa wako, na baada ya muda utakuwa mkubwa wa wengine. Mtu akikuambia hii siyo yenyewe, simama, hata kama ni mfua mashuka na wewe una kitabu mkononi. Akisema sawa haraka mno, muulize tena, mpe ile mara ya pili ambayo adabu inamnyima. Na wewe ukiona mafuta ni mekundu, sema mara mbili. Sema mara tatu. Waache waseme binti yule hana adabu, nitafurahi kusikia. Na Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu. Usikiamini sana.

Swali lako la Jumapili nilikuwa nalo jibu mdomoni, nikameza. Jibu ni ndiyo, mwanangu. Naomba uwe kama yeye. Mtu aliyesikiliza gari kwa mpira wa maji. Mtu aliyejua mafuta kwa kidole. Mtu ambaye dakika zake za mwisho zote alizitumia kuwaondoa watu wengine njiani. Hana haraka aliyokuachia. Wakikuambia una damu ya Hamidu, itikia, na uendeshe.

Ukisoma haya utakuwa umepita Igawa, maana nakujua, hutafungua mfuko wa pembeni wa begi, nitakamoichomeka barua hii, mpaka utafute karanga. Ukitaka kushuka urudi unitukane, nipo dukani. Ukitaka kukaa kimya mwaka mzima, una haki. Ukiona neno baba linakukwama, niite baba mkubwa, ndiyo haki yake Hamidu, sitauliza. Jumamosi ninakwenda Tukuyu kumwambia mama yako aliyekuzaa, uso kwa uso. Na kabla ya hapo

Niliacha hapo juu katikati ya sentensi. Nilikuwa naandika kwamba nitamwambia bibi yako ukishaondoka, nikaona ni ujanja uleule. Nikaweka kalamu, nikaenda chumbani kwake. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza Magharibi, bado yuko kwenye msala.

Nilimwambia yote. Kitabu, kopo, soma hapa, raba, koleo. Hakulia na hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Na ile honi?"

Nikamwambia, "Alikuwa anawaambia watu wapishe, mama."

Mkono wake ulikuwa unatafuta tasbihi ambayo ilikuwa mapajani pake. Halafu akasema, si kwa ukali, kama mtu anayehesabu: "Mimi miaka yote hii namwombea Hamidu asamehewe kiburi."

Nilijaribu kumshika mkono, akautoa. Akainuka mwenyewe kwa fimbo yake, nilikuwa nimesimama mlangoni, akaniambia, "Nipishe." Nikampisha. Sijui kama atanisamehe. Hajasema, nami sikumwomba, maana si la kuombwa mlangoni mtu akiwa anapita. Lakini nadhani atakuita usiku huu kabla hujalala, na utakaposoma haya natumaini ulikwenda.

Alitoka mlango wa nyuma. Nilisikia fimbo yake kwenye saruji, nikasikia turubai la Kuku likivutwa, kisha mlango ule mdogo wa gari unavyolia. Miaka ishirini na moja hajakanyaga kwenye kile kibanda, hata kuanua nguo hupita mbali. Nikarudi hapa varandani kuimalizia barua yako, na kalamu ilikuwa haijagusa karatasi honi ilipolia. Ilikuwa ndefu. Haikukatika.

Nawe ukapaza sauti kutoka chumbani, huku unacheka, zipu bado mkononi: "Baba, huo waya siku hizi haungoji hata mvua?"

Nikakujibu, "Ndiyo, mwanangu, ni waya."

Haukuwa waya. Alikuwa bibi yako, ameketi kwenye kiti cha mwanawe, ameweka kiganja kwenye honi, haachii.

Baba yako,
Salum